Intaneti Ikizimwa, Tusidanganyane Kuhusu Simu Zisizohitaji Mnara



Nianze na aibu yangu mwenyewe, maana nisipoikiri sitakuwa na haki ya kuwasema wengine. Jumatano ya tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu wa Tanzania, nilikuwa kazini hapa Uingereza. Asubuhi kundi letu la familia la WhatsApp lilikuwa na kelele zake za kawaida, picha za foleni, dua za bi mkubwa, na dada yangu wa Mbagala akilalamikia bei ya nazi. Halafu kimya. Kila nilichotuma kilibaki na tiki moja. Mwanzoni nilidhani ni simu yangu. Baadae ndipo zikaja khabari kuwa intaneti imekatwa nchi nzima, na jioni tukasikia kuwa Dar es Salaam imewekewa amri ya kutotoka nje kuanzia saa kumi na mbili.

Usiku ule, baada ya kujaribu mara nyingi, nilimpata mpwa wangu kwa simu ya kawaida. Wote wazima. Bi mkubwa aliyeko Unguja naye mzima, kwa khabari za mwisho walizokuwa nazo. Sasa mimi, kwa kuwa mitandao ndiyo fani yangu, na kwa kuwa hofu humfanya mtu aseme sana, nikaanza kutoa mhadhara. Nikamwambia zipo programu ambazo simu zinaongea zenyewe kwa zenyewe, bila mnara, bila bando, bila kampuni. Apakue moja, awape na majirani. Kijana akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa adabu zake zote, "Sawa mjomba, lakini nipakue kwa kutumia nini?"

Sikuwa na jibu. Miaka ishirini nafanya kazi ya mitandao, na kijana wa mwaka wa pili wa chuo ananiumbua kwa swali moja.

Wala sikuwa peke yangu. Siku zile, mpaka Jumatatu ya tarehe 3 Novemba mawasiliano yalipoanza kurudi, sisi wa nje tulitumiana orodha za programu za namna hiyo usiku na mchana. Yaani wenye intaneti tukiwashauri wasio nayo, kwa kutumia intaneti. Tuliowakusudia hawakuona hata herufi moja.

Hoja yangu leo ni kwamba kitu hiki ni cha kweli na kinafanya kazi, lakini hakifanyi kazi kwa namna tunavyokinadi. Ni cha kuandaliwa pamoja na majirani siku ambazo hakuna anayekihitaji. Tukiendelea kukinadi kama dawa ya kumeza usiku wa balaa, ipo siku mtu atatuamini na ataumia.

Hebu kwanza tuelewane kuhusu chenyewe. Simu yako kwa kawaida haiongei na simu ya jirani. Ukimpigia mtu mliyekaa naye baraza moja, sauti yako inakwenda mnarani, inaingia kwenye mitambo ya kampuni, kisha inashuka tena hadi kwa huyo anayekutazama usoni. Aliyeishika mitambo ameyashika mazungumzo yote. Ndiyo maana kuzima nchi nzima ni rahisi kiasi hiki: kampuni ni chache, zote zina leseni, na kila moja inamjua aliyeipa leseni. Congo walikaa gizani takriban siku ishirini baada ya uchaguzi wa Desemba 2018. Uganda walizimiwa Januari 2021 na wakazimiwa tena Januari 2026, mara zote mbili wakati wa uchaguzi.

Wataalamu walikuja na wazo la kuondoa mnara kabisa. Kila chombo kiwe mtumaji, mpokeaji, na tarishi wa wengine. Hii ndiyo mitandao ya papo kwa papo: haina kituo kikuu, inajiunda yenyewe watu wanapokaribiana na kujivunja wanapoachana. Si wazo la jana. Katika miaka ya 1970 jeshi la Marekani, kupitia shirika lake la utafiti la DARPA, liligharamia redio zilizopokezana pakiti za data zikiwa ndani ya magari yanayotembea, kwa sababu inayoeleweka: vitani mnara ndio wa kwanza kulipuliwa.

Ugumu uko kwenye njia. Katika intaneti ya kawaida ruta zimekaa mahali pamoja miaka nenda miaka rudi, kwa hivyo njia zinajulikana. Hapa kila ruta ina miguu. Ujumbe wa Asha utamfikiaje Juma kama waliosimama katikati yao wanabadilika kila dakika? Utaratibu mmoja maarufu, AODV, ulioandikwa rasmi mwaka 2003 na Charles Perkins, Elizabeth Belding-Royer na Samir Das, unafanya kama tunavyofanya uswahilini tukimtafuta mtu. Simu ya Asha inawauliza walio karibu, "Nani anamjua Juma?" Wasiomjua wanawauliza wa karibu yao, na swali linasambaa mpaka limfikie Juma mwenyewe au mtu anayejua njia ya kwenda kwake. Jibu linarudi kwa nyayo zile zile lilikopitia swali, na kila aliyepitiwa anakumbuka tu jirani wa kufuata, si safari nzima. Majibu yana namba, ili khabari ya zamani isipewe nafasi ya khabari mpya. Mmoja akiondoka njia inakatika, aliyegundua anapiga mbiu kurudi nyuma, na kutafutana kunaanza upya. Upo pia utaratibu wa OLSR, wa mwaka huo huo 2003, ambao hausubiri kuulizwa. Kila chombo kinachora ramani ya mtandao mzima muda wote na kuchagua majirani wachache tu wa kupitisha matangazo, ili wote wasipige kelele kwa pamoja.

Maana kelele ndiyo balaa ya pili. Hewa ni moja. Fikiria watu watatu katika ukumbi mrefu, wawili wako ncha mbili na hawasikiani, wa tatu yuko kati. Wa kwanza anadhani ukumbi uko kimya, anasema. Wa mwisho naye anadhani vivyo hivyo, anasema. Aliye kati haambulii kitu. Na kadiri watu wanavyoongezeka, ndivyo hali inavyokuwa mbaya. Mwaka 2000 Piyush Gupta na P. R. Kumar walithibitisha kwa hesabu kwamba katika mtandao wa aina hii fungu la kila mtumiaji linapungua kadiri watumiaji wanavyozidi. Watu wakiongezeka mara mia, fungu la kila mmoja linashuka chini ya sehemu moja ya kumi ya lilivyokuwa. Kwa hivyo yule ndugu aliyesema kwa mbwembwe kuwa tukiwa milioni tutakuwa na nguvu mara milioni, namuomba radhi, hewa haimuungi mkono. Maandishi mafupi yatapita. Video ya dakika tatu isahauni.

Mimi mwenyewe nilizivaa hesabu hizi mwaka 2005 nikiandika tasnifu yangu. Hatukuwa na simu hamsini za kujaribia, tulitumia programu ya kompyuta iitwayo ns-2. Nukta 50 zinatembea katika uwanja wa kubuni wa mita 1500 kwa 300, mfano uliokuwa ukitumiwa na kila mwanafunzi wa fani hii tangu mwisho wa miaka ya 1990. Kila nukta inachagua mahali kwa kubahatisha, inakwenda, inapumzika, inachagua pengine. Nilipata alama nzuri. Lakini nilikuwa nikiitazama skrini na kujiuliza, ni watu gani hawa? Hawana soko, hawana msikiti wala kanisa, hawapandi daladala, hawarudi nyumbani jioni. Hakuna aliyewahi kutembea hivyo Kariakoo. Msimamizi wangu, mtu mwema, aliniambia nimalize kwanza kisha nifalsafishe.

Nilifalsafisha baadae, na punda milia ndio walionifungua macho. Mwanzoni mwa mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton waliwavisha punda milia wa Laikipia, Kenya, kola zenye GPS na redio ndogo. Mbugani hakukuwa na mnara wa kutegemea. Punda wawili wakikaribiana, kola zinapeana kumbukumbu zote: mimi nabeba safari zako, wewe unabeba zangu, na za yule niliyekutana naye juzi. Mtafiti akipita na gari hana haja ya kumfukuza kila punda; akimkaribia mmoja anapata na khabari za wengine. Mradi uliitwa ZebraNet. Hakuna wakati wowote palipokuwa na njia kamili kutoka punda hadi gari. Ujumbe ulihifadhiwa, ukabebwa, ukakabidhiwa.

Hapo ndipo penye siri ya jambo hili, na hapo ndipo tunapokosea tukilieleza. Tunalieleza kama simu isiyo na mnara, kumbe ni karibu zaidi na barua ya kumpa abiria. Mwaka 2000 Amin Vahdat na David Becker wa Chuo Kikuu cha Duke waliandika kuhusu kusambaza ujumbe kama maradhi ya kuambukiza, kila anayekutana na mwenzake anamwachia nakala. Mwaka uliofuata Matthias Grossglauser na David Tse wakaonyesha jambo ambalo lingemshangaza aliyesoma Gupta na Kumar peke yao: ukikubali kusubiri, mwendo wa watu unakuwa rafiki. Badala ya kupitisha ujumbe mikono mia, unampa mtu mmoja anayekwenda huko huko. Mzee wa Kipemba aliyekuwa akimkabidhi nahodha wa jahazi bahasha ya mwanawe hakuhitaji kusomeshwa hilo.

Sasa tuchukue hesabu ya Dar es Salaam. Bitchat, programu aliyoitoa Jack Dorsey mwezi Julai 2025, inatumia Bluetooth, na ujumbe unaruka mikono isiyozidi saba. Chukua mita thelathini kwa kila mruko, nami hapo nimekuwa karimu, kwani kuta za matofali na msongamano wa miili hupunguza. Mita mia mbili na kumi. Haujavuka hata Uwanja wa Mnazi Mmoja na mitaa iliyouzunguka. Kutoka Mbagala kwa dada yangu hadi Tegeta kwa shangazi ni zaidi ya kilomita thelathini. Kuruka mfululizo hakutafika. Kitakachofika ni simu iliyo mfukoni mwa mtu aliyepanda daladala.

Na tarehe 29 Oktoba jioni daladala hazikuwepo barabarani. Hili sijaona likisemwa, na kwa mtazamo wangu ndilo kubwa kuliko yote. Amri ya kutotoka nje haikufungia watu tu. Ilifungia pia mtandao ambao ungeweza kuchukua nafasi ya ule uliozimwa, kwa sababu mtandao huo unatembea kwa miguu yetu. Watu wakijifungia ndani, kila nyumba inakuwa kisiwa. Simu zinajuana ukutani kwa ukuta, pengine uchochoroni, basi. Hong Kong mwaka 2014 programu ya FireChat, na mwaka 2019 Bridgefy, zilipata sifa kwa sababu maelfu ya watu walikuwa wamesimama bega kwa bega mahali pamoja. Huwezi kuichukua sifa ya umati uliosimama barabarani ukaiuza kwa mama aliyejifungia chumbani na watoto.

Nije kwenye linaloniuma zaidi, nalo ni usalama. Watu husikia "haina kampuni" wakaelewa "haina hatari". Naomba nieleweke, ni vitu viwili mbalimbali kabisa. Mwaka 2020 watafiti, wakiwemo wa Royal Holloway, Chuo Kikuu cha London, waliichunguza Bridgefy ile ile iliyosifiwa mitaani na kukuta kuwa ujumbe unaweza kusomwa na asiyehusika, watumiaji wanaweza kufuatiliwa, na ujumbe mmoja ulioundwa kwa hila unaweza kuangusha mtandao mzima. Kampuni ikabadilisha mfumo wake wa kufunga ujumbe mwishoni mwa mwaka huo, na mwaka 2022 watafiti wakakuta kasoro nyengine. Bitchat nayo haikumaliza mwezi kabla mtaalamu mmoja hajaonyesha kuwa mtu anaweza kujifanya mwengine, na wenyewe wakaweka onyo kuwa haijachunguzwa na watu wa nje. Siwalaumu kwa kuweka onyo, ndiyo uungwana. Ninaotulaumu ni sisi tuliosambaza programu bila ya onyo lake.

Kisha kuna hili la redio. Chombo kinachotafuta majirani kinajitangaza, hakuna namna nyengine. Simu inapiga hodi hewani kila mara, na hodi inasikika na kila mwenye sikio, awe jirani au askari kwenye kizuizi mwenye kifaa chake. Hata kama hasomi ulichoandika, anaweza kujua kuwa hapa yupo mtu mwenye programu hii. Na akikushika, haulizi kuhusu hesabu za ufungaji, anakuambia fungua simu. Sisi tunaoandika haya kutoka Leicester, Muscat na Minneapolis hakuna atakayetusimamisha kwenye kizuizi cha Ubungo. Uganda, Robert Kyagulanyi, yaani Bobi Wine, aliwahimiza wafuasi wake wapakue Bitchat mapema, kabla ya kura ya Januari 2026. Hapo alituzidi akili, alisema kabla. Lakini mamlaka nao waliposikia hawakuonekana kutishika, na tuache kujidanganya kuwa wasimamizi wa mawasiliano hawana mainjinia. Wanao, na baadhi yao nimesoma nao.

Najua wapo watakaosema kwamba nawakatisha watu tamaa. Wapo pia, nao wamekwisha niandikia, wanaosema vyombo hivi ni vya uchochezi na kwamba kuzima intaneti kunazuia uvumi. Hawa wa pili nitawajibu kwa ufupi, maana hawakuwa nasi siku zile tano. Uvumi haukukoma hata saa moja. Tuliambiwa fulani kafa akawa mzima, na waliokuwa na maiti ndani hawakuweza kutuambia. Kilichokosekana ni namna ya kuhakikisha. Dada yangu alikuwa na dawa za sukari za siku nne, na duka la dawa la mtaa wa pili lilikuwa wazi siku ya tatu kwa saa mbili. Alijua baada ya kufungwa. Mita mia moja na hamsini tu. Ujumbe wa maneno sita ungetosha, na huo ndio hasa ujumbe ambao teknolojia hii, pamoja na unyonge wake wote, inaumudu.

Wala si siasa peke yake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na Afrika Mashariki ikakwama, Tanzania ikiwa miongoni mwa walioumia zaidi. Hapakuwa na amri ya mtu. Mafuriko nayo huangusha minara bila kuuliza ni mwaka wa uchaguzi au la. Aliyejiandaa kwa moja amejiandaa kwa yote, na anayeulizwa kwa nini ana programu hiyo ana jibu la kweli lisilo na ncha.

Kwa hivyo tufanye nini? Mimi si mwanasiasa, nitasema ya fundi. Programu ikae kwenye simu sasa, na si kwenye simu ya kijana mmoja mjanja, bali ya mama wa kikundi cha kuweka na kukopa, ya muuza duka, ya dereva wa bodaboda, ya muuguzi. Mtandao huu unahesabika kwa majirani wanaokaa karibu. Ukiwa nayo peke yako ni pambo. Itumike siku za kawaida, arusini, msibani, mpirani, ili watu wajue mapungufu yake kabla hayajawaumiza, na ili kuwa nayo kusiwe alama ya kitu. Faili la programu lihifadhiwe ndani ya simu kadhaa, kwani simu za Android zinaweza kupeana programu kwa Bluetooth bila intaneti. Briar ina kitufe cha kazi hiyo hiyo. Mpwa wangu angejua hilo, swali lake lisingekuwa na makali. Na betri, jamani. Simu inayopiga hodi mchana kutwa inakula moto, na mara nyingi umeme nao huondoka siku hizo hizo.

Kwa sisi wa huku, makabati yetu yamejaa simu kuukuu. Simu ya miaka mitano isiyo na laini, ikiwa na betri hai na kipande cha sola, ikikaa dukani kwa mangi, inaweza kuwa sanduku la posta la mtaa, kila anayepita anaacha na kuchukua. Hilo ni la maana kuliko orodha zetu. Na tukitaka khabari zitufikie sisi, tukubali kwamba Bluetooth haivuki bahari. Lazima kuwe na mtu mahali penye mlango, kwa mfano Namanga akiwa na laini ya Kenya, na lazima kuwe na basi linalotoka Arusha kwenda huko. Bila mlango, mtandao wa papo kwa papo unabaki kuwa mazungumzo ya ndani. Pengine hilo ndilo linalotusumbua, kwamba chombo hiki kwanza ni cha wao kuongea wao kwa wao, na sisi tutangoja.

Nimalizie na jaribio, kwa kuwa nimechoka kuongea nadharia. Mwezi Februari mwaka huu, intaneti ikiwa hai, tulikubaliana kifamilia tujifanye haipo. Tulitumia Briar. Wanafamilia wanne wakafungua jukwaa ndani yake na kuzima data, mpwa wangu Mbagala, binti wa ndugu yangu anayekaa na bi mkubwa Unguja, na katikati dada mmoja jirani, mfanyabiashara wa vitenge, anayevuka na boti kila wiki. Wa nne alikuwa mtoto wa jirani huyo, wa ziada, aliyejiunga kwa kupenda mambo. Kijana aliandika Alhamisi asubuhi: "Bibi shikamoo, huku wazima, dawa za mama zipo." Jirani alipita kwao jioni kununua mkaa, simu zikasalimiana zenyewe uani, naye Ijumaa akapanda boti.

Boti ni saa mbili. Ujumbe ulifika Jumapili usiku. Kumbe alishukia kwanza kwa wakwe zake Fuoni, simu ikazima chaji, akaisahau mkobani pamoja na risiti, na alipoiwasha ndipo akakumbuka kuwa ana bahasha ya watu. Bi mkubwa aliposomewa aliuliza ni ya lini. Akaambiwa Alhamisi. Akasema mbona ni haraka, barua za marehemu baba yenu kutoka Mombasa zilikuwa zikichukua wiki mbili, kisha akaamrisha ijibiwe kabla yule mwenye vitenge hajaondoka. Jibu lilikuwa mbioni wakati naandika rasimu ya kwanza ya haya. Liliingia Mbagala Jumatano, likiomba aletewe ndimu.

Naomba kuwasilisha.